Albamu Niliyoipa Mgongo

Mwanangu mpendwa,

Marahaba, mama. Umeniuliza: "Baba, wewe ulikuwa Berkeley, California, miaka ile. Kwa nini mliichukia Dear You, albamu ya bendi ya punk ya Jawbreaker, na mbona mimi naiona nzuri?"

Ni nzuri, mwanangu. Mimi nilichelewa miaka 9 kuijua.

Pale Berkeley, Gilman Street palikuwa na ukumbi wa punk, ile roki ya kasi na kelele, ulioendeshwa na vijana kwa kujitolea, na bendi ikishasaini na lebo kubwa, yaani kampuni kubwa ya kurekodi muziki, haikupanda tena jukwaa lile. Hata bendi ya Green Day walifungiwa mlango. Tuliona haki: hatukuwa na mahali pengine petu. Jawbreaker nao tuliwahesabu wetu. Blake Schwarzenbach aliimba na kupiga gitaa, Chris Bauermeister besi, Adam Pfahler ngoma. Albamu 3 walizitoa kwa lebo ndogo, na walikuwa wametamka hadharani kwamba hawatasaini na lebo kubwa. Mwaka 1993 wakazunguka kwenye ziara na Nirvana, bendi kubwa ya roki, minong'ono ikaanza. Kisha wakasaini na DGC, lebo ile ile kubwa ya Nirvana, wakaingia studio na Rob Cavallo, prodyuza wa Dookie, albamu ya Green Day. Septemba 1995 Dear You ikatoka.

Niliisikia dukani. Magitaa mazito, safi, na ile sauti ya Blake iliyokuwa ikikwaruza kama msumeno kwenye ubao mbichi imekuwa laini. Nikasema, wamemnunua. Nikairudisha rafuni. Kwenye maonyesho yao wako mashabiki waliokaa chini sakafuni na kuwageuzia mgongo wakiwa wanapiga. Mimi sikwenda kabisa, na kutokwenda kwangu kulikuwa mgongo vilevile.

Kinachoniuma ni koo lake. Mwaka 1992, wakiwa ziarani Ulaya, Blake alikuwa na kinyama kooni, akatokwa damu, ikabidi apasuliwe. Habari hiyo tulikuwa nayo. Upasuaji ule ulichangia kuilainisha sauti yake, nasi tukausikia ulaini huo kama harufu ya pesa. Mtu aliyetoka hospitali tulimdai aendelee kuumia ili tuamini kwamba bado ni wetu.

Mauzo yalikuwa hafifu, na mwaka 1996 bendi ikavunjika. Mwaka 2004 Adam akaitoa albamu upya kupitia lebo yake ndogo, Blackball. Hapo ndipo nilipoinunua. Ulikuwa mdogo, umelala chumba cha pili. Nikapunguza sauti, nikaweka wimbo wa "Accident Prone". Unazidi dakika 6, unapanda polepole, na kila nilichokipenda kwao kilikuwa humo. Nilikaa jikoni hadi alfajiri.

Waliporudi pamoja mwaka 2017, kwenye tamasha la Riot Fest kule Chicago, nilifurahi kama mtu aliyesamehewa, ingawa hawanijui.

CD yenyewe bado ninayo. Shangazi yako akija huko mwezi ujao nitampa akuletee. Kasha limepasuka kona moja, usilibadilishe.

Baba yako