Kabla Hujaamini Kwamba Albamu ya Pili Imeharibika

Vijana wanaopenda magitaa hapa Mtwara huniuliza swali hili mara kwa mara: "Kaka, albamu yao ya kwanza nimeipenda sana, lakini ya pili naona imepondwa kila mahali. Niitafute au nisipoteze bando?" Wanazungumzia bendi za roki ya kujitegemea, zile za Marekani na Uingereza wanazoziita indi. Muziki huo huku kwetu redio haziupigi, kwenye harusi hausikiki, na anayeupenda huutafuta mwenyewe kwa simu yake. Mimi nimepiga gitaa la besi kwenye bendi ya dansi kwa miaka mingi, kuanzia Mtwara mjini na Mikindani mpaka Masasi na Lindi, na hizo bendi za wenzetu nimezifuatilia kwa mapenzi yale yale. Jibu langu ni kwamba isikilize kwanza, uchambuzi uje baadaye. Na siku utakapousoma huo uchambuzi, kabla hujaangalia idadi ya nyota ilizopewa, tafuta jambo moja: huyu aliyeandika anailinganisha albamu hii na nini?

Tuanze na bando, maana ndilo linalouma. Contra, albamu ya pili ya Vampire Weekend, ina nyimbo 10 na haifiki dakika 40. Kwa ubora wa kilobiti 128 kwa sekunde, dakika moja ya muziki hula karibu megabaiti moja. Maana yake albamu nzima, mwanzo mpaka mwisho, haifiki megabaiti 40. Video moja ndefu ya mtu aliyekaa mbele ya kamera akieleza kwa nini albamu hiyo imemkera hula zaidi ya hapo, tena mara kadhaa. Nimeona vijana wenye masikio mazuri kabisa wakimaliza bando kwenye maoni ya watu, na muziki wenyewe hawajausikia hata wimbo mmoja. Inaniuma, kwa sababu wanaingia kwenye mabishano wakiwa wamebeba hukumu ya mtu aliye mbali, ambaye hawajui alilelewa na muziki gani.

Albamu ya pili ina shida yake ya kuzaliwa nayo. Ile ya kwanza, hasa ya bendi ndogo, mara nyingi ni nyimbo zilizokwisha kupigwa jukwaani kwa muda mrefu. Zisizoitikiwa zimeachwa njiani, zilizobaki zimenolewa mbele ya watu. Tena hakuna aliyekuwa anaisubiri. Ya pili huandikwa katikati ya safari za maonyesho, kwa haraka, huku lebo, yaani kampuni inayotoa muziki wao, inaulizia na mashabiki wanaulizia. Sisi tunaopiga kwenye shughuli tunalijua jambo hili vizuri. Msimu wa korosho ukilipa, familia inaweza kukuita mwaka huu kwa harusi ya binti mkubwa, mwakani ikakuita tena kwa ya mdogo wake. Hiyo ya pili, hata mkipiga vizuri kuliko mlivyopiga mwanzo, atatokea mjomba mmoja akwambie mwaka jana mlichangamka zaidi. Mjomba anasema kweli kuhusu alivyojisikia. Mwaka jana alikuja mikono mitupu, mwaka huu amekuja na kipimo mfukoni.

Ndiyo maana wachambuzi wanaweza kuilaumu albamu moja ya pili kwa kosa, kisha nyingine wakailaumu kwa kinyume cha kosa hilo. The Strokes wa New York walitoa Is This It mwaka 2001, ikasifiwa hadi ikachosha. Mwaka 2003 wakaja na Room on Fire, nyimbo 11 kama ile ya mwanzo, mtayarishaji yule yule, Gordon Raphael. Wengi walikiri nyimbo ni nzuri, halafu wakalalamika kwamba bendi imejirudia. MGMT wao walikuwa na albamu ya kwanza iliyojaa nyimbo za kuchezeka na vinanda vya umeme. Walipofika Congratulations mwaka 2010 wakageuza meza: muziki wa kuzungukazunguka, kiitikio hukioni upesi, na wimbo mmoja unaopita dakika 12. Hao nao wakaulizwa kwa nini wamebadilika, na nyimbo za kuimba pamoja ziko wapi. Ukizisoma hukumu hizo mbili kwa pamoja, unaona mzani uliotumika ni ile albamu ya kwanza. Hilo si dhambi kwa mchambuzi. Ila wewe msomaji lazima ulijue, kwa sababu inawezekana ile ya kwanza hukuipenda kiasi hicho, au hukuisikia kabisa, na hapo malalamiko yake hayakuhusu.

Nataka nikae zaidi kwenye Vampire Weekend, maana hapo ndipo sikio la mtu wa kusini lina neno lake la kusema.

Hawa ni vijana wanne waliokutana Chuo Kikuu cha Columbia, New York. Albamu yao ya kwanza ilitoka Januari 2008, na mazungumzo mengi yakahamia kwenye magitaa yaliyopigwa Kiafrika na wavulana waliosoma chuo cha kifahari. Wana wimbo uitwao Cape Cod Kwassa Kwassa, kwa jina la mtindo wa kucheza wa Kongo, na jina hilo mtu yeyote aliyecheza muziki wa Kongo wakati wa Kanda Bongo Man halimpiti. Wachambuzi walilinganisha na Graceland, albamu ya Paul Simon ya 1986 iliyotengenezwa na wanamuziki wa Afrika Kusini. Wengine walisema wameiba, wengine wakasema wameazima kwa heshima. Contra ilipotoka Januari 2010 na kushika namba moja kwenye chati ya Billboard ya Marekani wiki yake ya kwanza, uchambuzi mwingi uliendelea na kesi ile ile: wanastahili kuutumia muziki huu au hawastahili?

Swali hilo lina uzito wake, silidharau. Lakini mpiga besi aliyekulia kwenye dansi, kwenye nyimbo za Orchestra Maquis waliotoka Kongo wakaweka makazi Dar es Salaam miaka ya 1970, ana swali la kutangulia: gitaa lenyewe limepigwaje? Mimi nikisikiliza ule wimbo wa kwasa kwasa nasikia solo safi, laini, yenye adabu, inayoishia mlangoni. Unasubiri ifunguke iingie kwenye sebene, ile sehemu ya mbio ya kuchezea, haiingii. Wimbo unakwisha ukiwa bado kwenye ile sehemu ya mwanzo ambayo bendi ya Kongo huitumia kumwalika mtu ainuke kwenye kiti. Mchambuzi aliyeandika kwamba albamu ile imejaa Afrika hakudanganya, kaandika kwa kadiri ya alichonacho masikioni. Nami nilichonacho masikioni kinaniambia vingine.

Sasa ndio uone tofauti inavyotokea kwenye albamu ya pili. Ndani ya Contra gitaa hilo limerudi nyuma. Vinanda vimeongezeka, ngoma za mashine zimeongezeka. Sauti ya mwimbaji kwenye California English imepitishwa kwenye Auto-Tune, programu ya kunyoosha sauti, jambo lililokuwa geni kwa msikilizaji wa roki ya aina hii, lakini kijana wa Chikongola hapa Mtwara aliyelelewa na Bongo Fleva wala hatageuza shingo. Kwenye Diplomat's Son wamechukua kipande cha wimbo wa M.I.A., mwanamuziki wa Uingereza, wakajengea juu yake. Anayesikitika kwamba rangi ya Kiafrika ya albamu ya kwanza imefifia ana haki ya kusikitika. Mimi naona hapa ndipo bendi ilipoanza kuwa yenyewe. Wameacha kuonyesha gitaa walilojifunza, wakaanza kupanga vyombo kwa akili yao. Na cha ajabu, kwenye Cousins, wimbo mfupi unaokwenda mbio, gitaa na ngoma vinakimbizana kwa moto ambao kwasa kwasa yao haikuufikia. Kwangu Contra ni bora kuliko iliyoitangulia, na ninaweza kukuonyesha kwenye wimbo upi na kwa chombo kipi.

Hicho ndicho ninachokusihi ukifanye. Usiende kwenye muziki wa Wazungu ukiwa umeacha sikio lako nyumbani. Kama umekulia kwenye sindimba, unajua ngoma zinapopishana na zinapogongana. Kama umeimba kwaya pale Stella Maris au kwenye kanisa lolote la Masasi, unajua sauti ya pili inapokaa vibaya. Kama umesikiliza taarabu ya bibi yako, unajua kinanda kinachojibu maneno na kinanda kinachojaza nafasi tu. Ujuzi huo hauna mpaka wa aina ya muziki, na mchambuzi wa London au New York mara nyingi hana.

Kwa wasanii wetu tunalifanya jambo lile lile, tena kwa hisia kali zaidi. Harmonize, mtoto wa Tandahimba, alitoa Afro East mwaka 2020, muda mfupi tu baada ya kuondoka WCB, lebo ya Diamond Platnumz. High School ikafuata mwaka 2021. Vijiweni kwetu albamu hizo zilijadiliwa na watu ambao nusu ya maneno yao ilikuwa juu ya kuondoka kwake, na nusu nyingine juu ya ipi kali kati ya hizo mbili. Nyimbo zenyewe zilikuwa zinasubiri zamu. Ukiligundua hilo kwenye baraza lenu, utaligundua upesi kwenye maandishi ya watu wa mbali.

Kitu kingine: angalia tarehe ya uchambuzi. Weezer si bendi ya kujitegemea kwa maana halisi, maana walikuwa chini ya lebo kubwa ya Geffen, lakini hakuna mfano bora kuliko wao. Albamu yao ya kwanza ya mwaka 1994 ilikuwa tamu, yenye nyimbo zinazoshika. Ya pili, Pinkerton, ilitoka Septemba 1996. Bendi iliitayarisha yenyewe, sauti ikawa ya kukwaruza, na mwimbaji wao Rivers Cuomo akaimba mambo ya ndani mno, aibu, upweke, tamaa, mengi akiwa ameyaandika alipokwenda kusoma Chuo Kikuu cha Harvard. Jarida la Rolling Stone liliipa nyota 3, na wasomaji wake wakaiweka kwenye orodha ya albamu mbaya za mwaka. Mwaka 2004 jarida hilo hilo liliirudia likaipa nyota 5. Mwaka 2010 bendi ikaanza kufanya maonyesho ya kuipiga albamu hiyo yote kuanzia mwanzo mpaka mwisho, na watu waliijua neno kwa neno. Hakuna noti iliyobadilishwa humo ndani. Waliobadilika ni wasikilizaji, na katikati walikuwa wamepita vijana wengi walioimba mambo yao ya aibu kwa kuifuata njia hiyo. Kwa hiyo uchambuzi ulioandikwa wiki ya kutoka kwa albamu usome kama taarifa ya wiki hiyo. Tafuta na mwingine ulioandikwa miaka 5 au 10 baadaye, uone nini kimebaki.

Njia ninayoitumia mimi kujipima ni hii. Barabara ya Mtwara hadi Lindi ni kilometa 100 na ushei, na kosta zetu zinavyosimama kila kituo, muda unatosha albamu mbili fupi. Naanza na ile ya pili. Nikitoka stendi naiweka, napita nayo Mikindani, naiacha iishe bila kuruka wimbo na bila kuangalia jina. Kisha ndipo naiweka ya kwanza, na kwa kawaida huwa inaendelea tunapofika njia panda ya Mingoyo. Ukigeuza mpangilio hivyo, ile ya kwanza ndiyo inayolazimika kujieleza. Mara nyingi utasikia udogo wake: mashairi mepesi, besi iliyofichwa nyuma, nyimbo mbili tatu zilizojaza nafasi. Nyakati nyingine utakuta wachambuzi walikuwa sahihi kabisa, ya pili haina kitu, na hilo nalo utalijua kwa masikio yako. Huhitaji safari, jioni moja ya umeme ulio imara nyumbani inatosha. Ila usisikilizie spika ya simu, kwa sababu besi haitoki humo, na bila besi huwezi kusema lolote kuhusu bendi.

Kwa wadogo zangu mnaoandika uchambuzi, maana najua mpo, Mtwara na Lindi pia, nina ombi moja kubwa. Mwambieni msomaji mlipo. Kama hii ndiyo albamu yao ya kwanza kwako, sema. Kama ile ya mwanzo ilikufariji wakati mgumu, sema, halafu endelea na kazi. Taja wimbo, taja chombo, taja dakika. "Imepoa" na "haina vaibu" hazimsaidii mtu anayehesabu megabaiti zake. Akisoma kwamba ngoma za mashine zimechukua nafasi ya mpigaji kuanzia wimbo wa tatu, ataamua mwenyewe kama hiyo ni habari mbaya au nzuri.

Anayetaka kuanza leo, namshauri atafute Clap Your Hands Say Yeah. Hao walikuwa wa kujitegemea kweli kweli: albamu yao ya mwaka 2005 waliitoa wenyewe bila lebo, na maandishi ya wachambuzi mtandaoni ndiyo yaliyowainua. Ya pili, Some Loud Thunder ya 2007, waliifanya na mtayarishaji Dave Fridmann, na mapokezi yake yalipoa. Tahadhari ni moja. Wimbo wa kwanza wa albamu hiyo umechakachuliwa sauti kwa makusudi, unakwaruza mwanzo mpaka mwisho, kiasi kwamba utadhani faili lako limeharibika au hedifoni zimekufa. Hazijafa. Uvumilie uishe, endelea na nyimbo mbili zinazofuata, kisha urudie ule wa kwanza ujiulize kwa nini waliuweka mlangoni. Andika sentensi mbili za jibu lako kwenye simu. Hapo ndipo ufungue uchambuzi.