Jibu: "And" mara mbili, ni sentensi moja au mbili?
Habari ndugu. Umekwama kwenye "Juma and his sister washed the dishes and swept the yard", hujui kama ni sentensi moja au mbili kwa sababu "and" imetokea mara mbili.

Ni moja. Usianze na "and", anza na vitenzi: "washed" na "swept". Kisha uliza, nani alifanya? Jibu ni lilelile kwa vyote viwili, Juma na dada yake. "And" ya kwanza imeunganisha watendaji, basi kiima kina sehemu mbili. Ya pili imeunganisha vitendo, basi kiarifu nacho kina sehemu mbili.

Linganisha na "Juma washed the dishes, and his sister swept the yard". Baada ya "and" kuna mtendaji mpya na kitenzi chake. Hizo ni sentensi mbili zilizounganishwa.

Nikifundisha kidato cha kwanza naona Kiswahili chetu ndicho kinachotutega. Tukisema "walifagia", mtendaji yumo tayari kwenye "wa-". "Swept" haimbebi mtu, lazima urudi nyuma kumtafuta.

Halafu chunga sana "na" yetu, maana inabeba "and" na "with" pia. Tunaandika "Juma and his sister are here", lakini "Juma, together with his sister, is here", kwa sababu hapo kiima ni Juma peke yake.

Ukiwa na sentensi nyingine inayokusumbua, iweke hapa tuichambue.