Gia boksi ya otomatiki ikifa, nunua kwa namba ya kibati cha gari, si kwa jina la gari

Toyota RAV4 yangu ya mwaka 2002 imeshabadilishwa gia boksi mara mbili, na ile mara ya kwanza haikuwa na haja.

Gari lilianza kwa kushtuka. Asubuhi likiwa na baridi halina neno, lakini likishapata moto, ukiondoka kwenye mataa ya Buguruni gia ya kwanza ikiingia ya pili inapiga kama umegongwa kwa nyuma. Baada ya wiki mbili hivi rivasi nayo ikaanza kuchelewa: unaweka, unahesabu moja, mbili, ndipo inakamata. Fundi akalizungusha mtaa mmoja, akashuka. "Bosi, hiyo gia boksi imekwisha. Tafuta nyingine." Nikamwamini, maana dalili zilikuwa zile zile ambazo kila mtu anazijua. Nikatoa milioni moja na laki mbili pale Ilala, gia boksi ikafungwa Jumamosi. Haikupita wiki mbili mshtuko ukarudi vilevile.

Kumbe tatizo lilikuwa kontroli boksi. RAV4 za miaka ile zina historia hiyo: kompyuta inayoamrisha solenoidi za gia boksi (vavu ndogo za umeme zinazobadilisha gia) huharibika kwa ndani, gia zinaanza kupiga, na ukiendelea kuendesha hivyo hivyo unaumiza gia boksi ambayo ilikuwa nzima. Huko Marekani Toyota walifikia hatua ya kuongeza dhamana ya kompyuta hizo kwa RAV4 za 2001 hadi 2003. Mimi sikulijua hilo, nikaendesha miezi mitatu zaidi nikisubiri gia boksi "izoee", na ile niliyonunua nayo ikaungua.

Ndiyo maana nasema, kabla hujapeleka hela dukani, hakikisha kweli imekufa. Peleka gari likapimwe kwa mashine na mtu anayesoma upande wa gia boksi pia, asiishie kwenye injini. Taa ya O/D OFF kwenye dashibodi ikiwa inawakawaka yenyewe ukiwa barabarani, hapo kompyuta inakuambia imeona kosa upande wa umeme wa gia boksi: inaweza kuwa solenoidi, sensa au waya tu, vitu ambavyo bei yake haikaribii gia boksi nzima. Kisha chomoa kijiti cha oili ufute kwenye kitambaa cheupe. Nyekundu iliyo wazi ni nzuri. Nyeusi yenye harufu ya kuungua ni msiba. Ikiwa imechafuka na kuwa kama maziwa yenye rangi ya waridi, maji ya rejeta yameingia, na hata ukifunga gia boksi mpya bila kubadilisha rejeta utaiua ndani ya muda mfupi.

Bado una shaka? Mwambie fundi afungue sampo, ile trei ya oili chini ya gia boksi, mbele yako. Ndani kuna sumaku ndogo. Ujiuji wa kijivu juu ya sumaku ni uchakavu wa kawaida, usikutishe. Ukikuta vipande vya chuma unavyoweza kuvishika kwa vidole, au vipande vyeusi vya klachi vimetapakaa, hapo basi, katafute nyingine.

Sasa dukani. Kosa kubwa ninaloliona watu wakilifanya ni kwenda kuomba "gia boksi ya RAV4" au "gia boksi ya Noah". Jina la gari halitoshi. Toyota Noah ya AZR60 (namba ya toleo lake) ilianza na otomatiki ya gia nne, na kuanzia mwaka 2004 ikawekewa CVT, otomatiki isiyo na hatua za gia. Kwa nje, kwa mtu asiyezoea, ni Noah ile ile. Na RAV4 inayovuta magurudumu yote manne haichukui gia boksi ya ile inayovuta mbele tu.

Jibu liko kwenye kibati. Fungua boneti, tafuta kibati cha chuma chenye namba ya chasisi, usome panapoandikwa TRANS/AXLE. Changu kinasema U140F, halafu namba na herufi nyingine nyuma yake. Hiyo yote, mpaka herufi ya mwisho, ndiyo unayonunua. Ipige picha kwa simu. Muuzaji mmoja aliniambia, "Kaka, hii inaingia RAV4 zote, chukua tu." Nikamwonyesha picha, akanyamaza kidogo, kisha akamtuma kijana stoo akalete nyingine.

Ikishawekwa mbele yako usiione aibu kuikagua. Angalia soketi za umeme: zihesabu, zilinganishe na za kwako, kwa sababu soketi ikitofautiana pini, fundi umeme ataanza kuunga waya na hapo hutapata amani tena. Pitisha mkono chini na pembeni utafute ufa, maana hizi husafiri kwenye kontena zimelaliana. Nusa oili iliyobaki ndani. Na hakikisha inakuja na toki konveta yake, lile duara linalopeleka nguvu ya injini kwenye gia boksi; usikubali kurudishia ile ya zamani iliyojaa chenga za chuma.

Wengi huniuliza kama ni bora kuifungua ile yako na kubadilisha klachi kuliko kununua ya mtumba kutoka Japani. Kwa Toyota za kawaida mimi nachukua ya mtumba, isipokuwa una fundi ambaye hiyo ndiyo kazi yake ya kila siku na umeona magari aliyoyatengeneza bado yanatembea. Vavu bodi, sehemu inayoelekeza oili ndani ya gia boksi, ina vigololi na springi ndogondogo; ikikosewa moja tu, umerudi mwanzo na fedha imekwenda. Ya mtumba nayo ni bahati, siwezi kukudanganya. Kwa hiyo nakubaliana na muuzaji muda wa majaribio, tunaandika kwenye risiti pamoja na namba ya gia boksi, na natia alama ya rangi kwenye bodi yake ili kesho pasiwe na ubishi kama ndiyo yenyewe.

Siku ya kufunga, uwepo. Kuna hatua moja inayoua gia boksi nzima ndani ya dakika moja: toki konveta isipokaa mpaka mwisho kwenye pampu, fundi akaja kukaza bolti ili injini na gia boksi vikutane, pampu inavunjika. Fundi aliyenifungia ya pili aliizungusha taratibu huku akiisukuma, ikaingia "tak", akaendelea, "tak" nyingine, mpaka ikazama kabisa ndani ya nyumba yake. Bodi zilipokutana bila kulazimishwa, akaniita nione: konveta bado inazunguka kwa mkono, na kuna upenyo mdogo kati yake na flaiwili. Ndipo akafunga bolti zake.

Mipira na mabomba ya kupooza oili pamoja na rejeta vioshwe vyote, maana chenga za gia boksi ya zamani zimejificha humo. Oili iwe ile gari linayotaka. Yangu inatumia oili ya Toyota aina ya T-IV, na imeandikwa kwenye kijiti. Oili yoyote ya "haidroliki" ya kupima kwa kopo siiweki. Na kiwango kinapimwa injini ikiwa inawaka, gari likiwa tambarare na limepata moto, baada ya kupitisha gia zote na kurudi P.

Tulifunga na kontroli boksi nzima safari hiyo. Nilipoondoka gereji nilipita Buguruni makusudi, nikasimama kwenye mataa yale yale. Taa ikawaka kijani, gia ya pili ikaingia nisijue imeingia saa ngapi.