Seva mpya, Outlook ya zamani: usikubali kushusha ulinzi

Wiki hii msomaji mmoja wa Mwanza ameniandikia akiwa amechoka kabisa. Ofisi yao imehamia seva mpya ya barua pepe. Simu zote zinapokea vizuri, ila kompyuta za uhasibu zenye Outlook 2010 zimegoma. Bosi anasema seva ni mbovu, na lawama zote anabebeshwa yeye. Ndugu yangu, nakuelewa kuliko unavyodhani.

Yalinikuta hayo hayo kwenye kampuni ya uwakala wa forodha, Dar es Salaam. Tulihama mwishoni mwa wiki, Jumatatu asubuhi sijanywa hata chai simu zikaanza. Mhasibu, mama wa makamo, alikuwa bado na Windows 7, na kila akijaribu kuvuta barua anapata kosa 0x800CCC1A. Ujumbe wake unadai kwamba seva ndiyo haikubali aina ya usimbaji (ufichaji wa mawasiliano) iliyochaguliwa. Asiyejua akisoma hivyo, kesi imekwisha. Mkurugenzi akaniambia mbele ya wafanyakazi wote: "Kijana, ile ya zamani ilikuwa inafanya kazi. Turudishie." Maneno yale yananichoma hadi leo.

Nikaingia kwenye logi, yaani kumbukumbu za matukio, ya Dovecot, programu ya seva inayowapa watu barua zao. Kila mama alipobonyeza, mstari mpya ulitokea: "no auth attempts" (hakuna jaribio la kuingia), na mwishoni "unsupported protocol" (itifaki isiyokubalika). Yaani nenosiri lilikuwa halijatumwa hata mara moja. TLS ndiyo itifaki ya kusimba mawasiliano; kompyuta ilikuja na toleo la 1.0, seva inataka kuanzia 1.2, wakashindwana mlangoni. Wakati huo wenzangu walikuwa wanahangaika kubadilisha nenosiri la mama wa watu bure. TLS 1.0 ni ya mwaka 1999, na Machi 2021 IETF, shirika linaloweka viwango vya intaneti, ilitangaza rasmi isitumike tena, pamoja na 1.1, kupitia waraka wake RFC 8996. Seva ilikuwa inafanya kazi yake sawasawa.

Fundi mwenzangu akashauri nishushe ssl_min_protocol, mpangilio wa Dovecot unaotaja toleo la chini kabisa la TLS linalokubaliwa, watu wapate barua, yaishe. Nikakataa, na ningekataa tena leo. Kampuni ile hupokea ankara na hati za mizigo ya wateja kwa barua pepe. Halafu kwenye OpenSSL 3, programu ya usimbaji ambayo Dovecot huitegemea, kubadilisha mstari huo peke yake hakutoshi, mpaka ushushe na kiwango cha usalama hadi sifuri. Unabomoa ukuta wa nyumba nzima kwa sababu mgeni mmoja hapiti mlangoni.

Dawa ilikuwa kwenye kompyuta. Windows 7 inayo TLS 1.2, ila imezimwa. Niliweka sasisho la KB3140245, nikaongeza thamani ya DefaultSecureProtocols kwenye rejista (hifadhi ya mipangilio ya Windows), kisha humo humo upande wa Schannel, sehemu ya Windows inayoshughulikia TLS, chini ya TLS 1.2 na Client, nikaweka DisabledByDefault kuwa 0 na Enabled kuwa 1. Nikawasha upya. Barua zikaanza kumiminika, na mama akasema, "Kumbe ni mashine yangu, mwanangu!" Mkurugenzi alipita nyuma yetu, akaangalia, hakusema neno. Sikudai kuombwa radhi, lakini nilijua kazi yangu ilikuwa safi.

Kwa hiyo vijana wa IT, someni logi. Someni logi kabla ya kugusa nenosiri, kabla ya kubadilisha poti, kabla ya kukubali kwamba seva yenu ni mbovu. Na kabla ya kuhama, piteni meza kwa meza muandike kila kompyuta ina Windows gani na programu gani ya barua. Mkikuta Windows XP, msipoteze muda, TLS 1.2 haimo kabisa. Mkiwa mnahamia Microsoft 365, huduma ya mtandaoni ya Microsoft, rejista haitawasaidia: tangu Oktoba 2022 walianza kuzima uthibitishaji wa zamani wa jina na nenosiri, na Outlook 2010 haijui ule mpya.

Nawe wa Mwanza, kama mashine zenu nazo ni za Windows 7, hifadhi kwanza nakala ya rejista na mafaili ya PST, ambamo Outlook huweka barua, kisha fanya mashine moja, uijaribu, ndipo uende kwa nyingine. Mwambie bosi wako waziwazi kwamba Microsoft iliacha kuihudumia Windows 7 tarehe 14 Januari 2020, kwa hiyo bajeti ya kompyuta mpya za uhasibu iandikwe mwaka huu. Mpelekee na mstari wa logi umeuchapa kwenye karatasi, aone mwenyewe nani aliyekataliwa na kwa nini.