Jahazi la futi 40 au mashua ya futi 20?

SWALI: Mhandisi, nimestaafu na nataka kuagiza jahazi la futi 40 la kutembeza watalii na kubeba mizigo midogo huku Tanga. Mafundi wote niliowaendea wananishauri nichukue mashua ya futi 20. Je, ni wavivu, au ufundi umekwisha?

JIBU: Uvivu haumo, ndugu yangu, na ufundi upo. Wenzako wamepiga hesabu tu.

Chombo kikiongezwa urefu mara mbili, na upana na kina vikafuata, tanga linakuwa kubwa mara nne na uzito unafika mara nane. Mbao, misumari na siku za fundi huufuata uzito, na hapo ndipo pensheni inapoishia. Mwendo je? Chombo cha kubeba mizigo hubanwa na wimbi linalotokana na mwendo wake chenyewe. Chukua urefu unaogusa maji kwa futi, tafuta kipeuo chake cha pili, zidisha kwa 1.34: hizo ndizo maili za bahari kwa saa. Futi 20 zinakupa karibu 6, futi 40 karibu 8.5. Mzigo wote ule wa gharama kwa maili mbili na nusu, tena upepo ukikubali!

Halafu kuna miti. Mkuku, ule mti wa chini unaobeba chombo chote, unataka gogo refu lililonyooka kwa jahazi, na mataruma, yaani mbavu za chombo, yanataka matawi yaliyojipinda yenyewe porini, kwa sababu mbao iliyopindwa kwa msumeno hukatika pale nyuzi zake zilipokatwa. Ya mashua bado yanapatikana. Ya jahazi utayasubiri.

Na foromali, ule mti mrefu unaoshikilia tanga? Tanga letu likibadilishwa upande, foromali husimamishwa wima ikapitishwa mbele ya mlingoti. Kwenye mashua wawili wanatosha, mmoja kwenye kamba na mwingine akiusukuma mguu wa foromali. Kwenye jahazi unahitaji kundi la mabaharia, na wote wanakula na kulipwa hata siku isiyo na mgeni.

Si kwetu tu. Ulaya na Marekani walipohamia faiba, kalibu moja ikawa inatoa maboti mengi yanayofanana, na kilichoenea kikawa kidogo. Laser, boti ndogo ya tanga iliyoingia sokoni mwaka 1971, ina urefu wa mita 4.23 na bodi yake ni kilo 59 tu: mtu mmoja anaiendesha, na inabebwa juu ya gari. Zimeshaundwa zaidi ya 200,000.

Jahazi lina kazi yake bado. Ungekuwa unavusha saruji na boriti kwenda Pemba wakati wa kusi, ningekuambia usiguse mashua. Kwa watalii wa mchana, mimi ningeagiza mashua mbili za futi 22 au 24, moja baada ya nyingine. Moja ikipandishwa pwani kwa bamvua, maji yakijaa sana, ipigwe kalafati, yaani izibwe nyufa za mbao, nyingine iko kazini. Kabla ya kutoa malipo ya kwanza, mwambie fundi akuonyeshe mataruma yenyewe, uangalie kama nyuzi za mti zinafuata mpindo. Na usipakie abiria kabla TASAC, shirika la serikali linalosimamia usalama wa vyombo vya majini, hawajakagua chombo.