Maswali na majibu: Meno ya mbwa yanapolegea

Mbwa wetu wa kienyeji ana miaka tisa. Jino moja la mbele, chini, linacheza. Mdomo unanuka sana, na anatafunia upande mmoja. Jirani ananishauri nilifunge uzi nilivute. Je, ni sawa? — Msomaji, Tanga

Usilivute, tafadhali. Jino la mbwa mzima limeshikwa na nyuzi ngumu zinazoliunganisha na mfupa wa taya. Likicheza katika umri huo, kwa kawaida nyuzi na mfupa vimeshaliwa, na meno ya jirani yake huenda yako njiani.

Mambo huanza na ukoga, ule utando laini unaorudi juu ya jino saa chache tu baada ya kusafishwa. Usipoondolewa, ndani ya siku mbili tatu madini ya mate huugeuza ugaga mgumu wa kahawia ambao mswaki hauuwezi. Vijidudu hushuka chini ya fizi, na mwili ukipambana navyo hubomoa mfupa wake wenyewe. Fizi zikiwa nyekundu tu, hali inaweza kurudi kama zamani. Mfupa ukishaliwa, haurudi.

Ukivuta kwa uzi, mzizi unaweza kukatikia ndani na kubaki ukitunga usaha. Kwa mbwa mdogo wa umbo, taya lililoliwa linaweza kuvunjika kwa mvuto huo huo. Na mbwa mwenye maumivu humuuma hata anayempenda.

Mpeleke kwa daktari wa mifugo anayeweza kumlaza kwa dawa ya usingizi. Hapo ndipo atapima kina cha nafasi kati ya jino na fizi (kwa mbwa, hadi milimita 3 ni kawaida), apige eksirei, asafishe chini ya fizi na kung'oa meno yaliyopoteza zaidi ya nusu ya mfupa unaoyashika. Ukiambiwa atakwanguliwa akiwa macho, kataa: meno yatang'aa kwa nje huku ugonjwa ukiendelea chini. Kwa umri wake, omba kipimo cha damu cha figo na ini kwanza. Usiku wa kuamkia siku hiyo asile, lakini maji anywe hadi asubuhi, isipokuwa daktari akisema vingine. Baadaye mpe chakula laini kwa siku 10 hadi 14, mfano ugali mwepesi na nyama ya kusaga katika mchuzi usio na kitunguu wala chumvi. Usiogope meno kupungua. Mbwa asiye na jino hata moja hula vizuri kuliko mwenye meno yanayouma.

Mambo mawili ya kuangalia. Jino moja likilegea peke yake huku mengine ni safi, daktari achunguze uvimbe wa saratani mahali hapo. Na mbwa anayetokwa udenda, ameshindwa kumeza, taya linaning'inia na tabia imebadilika, usimfungue mdomo kabisa: huenda ni kichaa cha mbwa. Akikuuma au udenda ukiingia kwenye kidonda, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Mtoto wa mbwa wangu, Maltese wa miezi sita, ana chonge mbili mbili, juu na chini. Nisubiri zianguke? — Msomaji, Nakuru

Usisubiri. Mtoto wa mbwa ana meno 28 ya utotoni, na mbwa mzima ana 42. Kubadilika huanza karibu na miezi mitatu na nusu hadi minne, na kufikia miezi saba meno ya kudumu huwa yameshatoka. Wakati huo jino kucheza, damu kidogo kwenye kitu alichotafuna, hata kumeza jino, ni kawaida.

Chonge mbili kukaa pamoja si kawaida, na hutokea sana kwa mbwa wa umbo dogo. Ya kudumu ya juu hutokea mbele ya ile ya utotoni. Ya chini hutokea upande wa ulimi. Ya utotoni isipoondoka, ile ya chini hubaki imesukumwa ndani na kuchoma kaakaa kila anapofunga mdomo. Wengi huahirisha mpaka siku ya kumfunga kizazi. Kwa chonge za chini, wiki hizo za kungoja ndizo zinazoharibu. Mzizi wa jino la utotoni ni mrefu na mwembamba, hukatika kwa urahisi, kwa hiyo hii nayo ni kazi ya daktari.

Mbwa wangu wa ulinzi amevimba chini ya jicho. Alipewa antibayotiki, uvimbe ukashuka, sasa umerudi. Nimekuwa nikimpa Diclofenac. — Msomaji, Mombasa

Acha Diclofenac leo. Dawa hiyo, kama ilivyo ibuprofen, huchubua tumbo la mbwa na kuua figo. Akitapika au akipata choo cheusi kama lami, mpeleke bila kungoja kesho. Panadol nayo usimpe kwa kukisia.

Uvimbe mahali hapo mara nyingi ni jipu la gego kubwa la juu. Lina mizizi mitatu, na ncha zake ziko chini kidogo ya jicho. Kwa kawaida limepasuka kwa kutafuna mfupa mgumu, vijidudu vikaingia hadi ndani. Antibayotiki hutuliza usaha, lakini jino lililokufa liko palepale. Ling'olewe, au litibiwe mzizi kama huduma hiyo ipo. Kuhusu vya kutafuna: bonyeza kwa ukucha wa dole gumba. Usipoacha alama, ni kigumu mno kwa meno yake.

Watoto wa mbwa wetu, miezi minne, wanakula ugali na mapafu ya kuchemsha. Wanachechemea, na hata magego yanacheza. — Msomaji, Kisumu

Hapa tunashuku chakula. Mapafu na nyama tupu zina fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo sana. Mwili huitoa kalsiamu kwenye mifupa, na taya likiwamo. Waonwe na daktari wiki hii, na wasiruke wala kukimbia kwa sasa, maana mifupa ya namna hiyo huvunjika bure. Kinachofaa ni chakula kamili cha watoto wa mbwa. Bei ikikushinda, dagaa wazima pamoja na mifupa yao watasaidia. Pia maganda ya mayai yaliyochemshwa, kukaushwa na kusagwa unga laini, nusu kijiko cha chai kwa nusu kilo ya nyama. Usizidishe kwa haraka ya kuponya: kalsiamu nyingi nayo hupinda mifupa inayokua.

Naweza kumpigia mswaki kwa dawa yangu ya meno? — Msomaji, Moshi

Dawa yako hapana. Mbwa hajui kutema, na baadhi zina zailitoli (kwenye lebo xylitol) inayoshusha sukari ya damu ghafla na kuharibu ini. Tumia dawa ya meno ya mbwa au maji tu.

Siku za kwanza pitisha kidole kwenye fizi na umtuze. Kisha kidole kilichofungwa kitambaa laini, halafu mswaki laini wa mtoto, ukiuinamisha kuelekea fizi. Sugua upande wa nje tu, hasa magego ya juu. Wa ndani husafishwa zaidi na ulimi. Kila siku ni bora, na chini ya mara tatu kwa wiki faida ni ndogo. Fizi zikivuja damu kidogo mwanzoni, endelea taratibu. Zikiendelea kuvuja baada ya wiki mbili, mpeleke akaangaliwe chini ya fizi.