Barua kwa mwanangu aliyeko Osaka: kimya cha bosi wako

Mwanangu Zuhura,

Barua yako nimeipata. Unauliza kama bosi wako amekukataa kimyakimya: uliwasilisha pendekezo kikaoni, wote wakaitikia kwa vichwa, akasema litaangaliwa, na tangu siku hiyo hujasikia neno.

Sidhani umekataliwa. Kuitikia kule ni adabu ya msikilizaji, hakuna aliyekuahidi kitu. Wangekuwa wamekataa, ungeona mtu anavuta pumzi kati ya meno, kisha anasema jambo hili lina ugumu wake. Ukisikia hivyo, usibembeleze.

Shida ni kwamba pendekezo lilifika kikaoni likiwa bichi. Kwa miaka niliyofanya kazi na Wajapani Nagoya, ni mara chache nilipoona jambo zito likiamuliwa kikaoni. Ni kama siku ya posa kwetu: wazee wanazungumza kwa heshima mkekani, lakini mahari ilishakubaliwa kitambo. Kazi hiyo ya awali wenyewe huiita nemawashi. Unamwendea kila anayeguswa na jambo, mmoja mmoja, unamwonyesha rasimu, unasikia wasiwasi wake, unarekebisha.

Ndipo hufuata ringisho, waraka unaopanda kutoka kwa aliyeuandika hadi kwa mkuu wa kitengo, wa idara, mpaka kwa wakurugenzi, kila mmoja akigonga muhuri wake mwekundu. Nilikuwa napenda kuutazama waraka ule umejaa viduara vidogo vyenye majina ya ukoo. Katika baadhi ya ofisi, hasa za benki, mdogo huugonga wake ukiwa umeinama kidogo kuelekea muhuri wa mkubwa, kama anayesujudu. Siku hizi wengi hufanya kwa kompyuta, na mwaka 2020 serikali yao ilianza kuiondoa mihuri kwenye taratibu zake nyingi. Njia ya kupanda, hata hivyo, haijabadilika sana.

Wageni wengi hulalamika kwamba utaratibu huu unachosha. Mimi nautetea. Muhuri wa mwisho ukishagongwa hakuna anayerudi kuuliza, kazi inakwenda mbio kwa kuwa kila mtu ameshaweka mkono wake. Nisichokipenda ni kimoja tu: jambo likiharibika, ni vigumu kumpata wa kulijibia.

Sasa, usimwandikie bosi kumkumbusha. Mwendee mkuu wa kitengo chako, mwite kwa jina la ukoo na cheo, umuulize uanze kuzungumza na nani. Kama kuna fedha ndani yake, waone watu wa uhasibu mapema, maana kampuni nyingi huko hufungua mwaka wa fedha tarehe 1 Aprili na bajeti hupangwa miezi kadhaa kabla. Wenzako wakikualika jioni, nenda. Agiza chai ya oolong, ni jambo la kawaida kwa asiyekunywa pombe, na wamiminie wengine kabla ya kujihudumia. Kule mezani watu husema wasiwasi ambao kikaoni hawautaji.

Mama yako anakusalimu sana. Niandikie ukishaonana na wahasibu, unieleze walichokwama nacho.

Baba yako